Pontiac GTO ya 1966 katika gereji ya nyumbani: kisa cha gari lililojua kukimbia kabla ya kujua kusimama

Gari linalozungumziwa hapa ni Pontiac GTO ya 1966, ya milango miwili isiyo na nguzo katikati, ambalo mimi na shemeji yangu tulilifufua kwa miaka mitatu katika gereji iliyoungana na nyumba yangu, magharibi mwa jimbo la Michigan. Wenzetu wa huku wanaotutembelea na kukuta boneti iko wazi huuliza swali moja: mmeongeza nguvu kiasi gani? Jibu langu ni kwamba nguvu hatukuifuata kabisa, na kwamba kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kulifanya gari zima listahili injini iliyokuwa nayo tangu lilipotoka kiwandani.

Ili jibu hilo lieleweke, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 General Motors ilikuwa na amri ya ndani kwamba magari yake ya ukubwa wa kati yasifungwe injini inayozidi inchi 330 za ujazo. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Pontiac, pamoja na wenzake waliizunguka amri hiyo kwa kuchukua injini ya inchi 389, yaani lita 6.4, iliyokuwa ikifungwa kwenye magari makubwa, wakaiweka ndani ya Pontiac Tempest na kuiuza kama nyongeza ambayo mteja angeweza kuiagiza. Mwaka wa kwanza, 1964, ziliuzwa 32,450. Kufikia 1966, GTO ilipofanywa kuwa aina inayojitegemea, ziliuzwa 96,946, na hakuna mwaka mwingine uliofikia idadi hiyo. Kwa fundi, jambo lenye uzito katika historia hii ni kwamba injini ya gari kubwa iliingizwa kwenye gari la familia, na vitu vingi vilivyoizunguka vikabaki vya gari la familia. Breki zilikuwa za ngoma kwenye magurudumu yote manne, kipenyo chake inchi 9.5, ilhali injini ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 335.

Kabla ya kutoa fedha tulisoma namba za gari. Kuna magari mengi ya LeMans, ndugu wa GTO mwenye mwili uleule, ambayo yamebandikwa nembo na kuuzwa kwa bei ya GTO. Kwa gari la 1966 ukweli unapatikana kwa urahisi: namba ya gari huanza na 242, inayoonyesha kwamba ni GTO halisi, ikifuatwa na 17 ya mwili huu wa milango miwili, 6 ya mwaka, na herufi ya kiwanda. Letu lilikuwa na P, maana yake liliundwa katika mji wa Pontiac wenyewe, jimbo hilihili. Mbele ya bloku ya injini, upande wa abiria, herufi YS zilionekana vizuri baada ya kufutwa kwa petroli na brashi ya waya, nazo ni alama ya injini yenye kabureta moja ya midomo minne iliyofungwa gia ya otomatiki. Injini ilikuwa ya aina iliyostahili kuwa humo, na ugunduzi huo ulitufunga mikono kwa namna nzuri: kuanzia siku hiyo tulikubaliana kwamba lolote tutakaloboresha liwe la kufungwa na kufunguliwa kwa boliti, na kwamba kifaa chochote cha asili kitakachotoka kitahifadhiwa.

Rangi ilionekana nzuri kwa mbali. Shemeji yangu ni mchomeleaji katika kiwanda cha samani za ofisi, na macho yake hayadanganywi na rangi. Alichukua sumaku ndogo ya kubandika karatasi kwenye friji, akaifunga kitambaa chembamba, akaanza kuipitisha juu ya bodi kama daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa. Kwenye milango sumaku ilishika. Chini ya kioo cha nyuma iliteleza na kuanguka. Nyuma ya gurudumu la kulia ikaanguka tena. Akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akaniambia, "Shemeji, hili si bati, ni lipu." Tulipokwangua, tulikuta fila yenye unene wa karibu sentimita moja iliyokandikwa juu ya wavu wa waya, na nyuma ya wavu kulikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Michigan humwaga chumvi barabarani wakati wote wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chini ya jiji la Detroit kuna mgodi wa chumvi hiyo hiyo. Gari lililoishi hapa miaka hamsini na zaidi halikosi kuwa na hadithi ya kutu.

Hata hivyo hatukuanza na kutu, wala na injini. Jumamosi moja ya mwezi wa Mei tulilitoa gari gerejini ili tusafishe sakafu. Njia ya kutokea kwangu inateremka kuelekea barabarani. Nilikanyaga breki mara ya kwanza, gari likatulia. Nilipokanyaga mara ya pili pedali ilizama mpaka sakafuni bila upinzani wowote, na gari likaendelea kuteremka kinyumenyume, pole pole, uzito wake wote wa zaidi ya tani moja na nusu. Kilichotuokoa ni breki ya kuegeshea, pedali ndogo iliyo kushoto kabisa, ambayo huvuta kamba ya chuma hadi magurudumu ya nyuma na haina haja ya mafuta. Tulipolitega gurudumu na kuchungulia, mpira wa breki wa mbele kushoto ulikuwa na ufa usiozidi urefu wa ukucha, na mafuta ya breki yalikuwa yametiririka ndani ya rimu.

Ufa mdogo kiasi hicho uliweza kuondoa breki zote nne kwa sababu masta silinda ya gari hili, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali, ina chumba kimoja tu. Mafuta ya magurudumu yote hutoka katika chombo kimoja na kusukumwa na pistoni moja, kwa hiyo popote panapovuja, kila mahali panakosa msukumo. General Motors ilianza kufunga masta silinda ya vyumba viwili kwenye magari ya 1967, na kuanzia Januari 1968 kanuni za serikali ya Marekani ziliwalazimisha watengenezaji wote kugawa breki katika njia mbili. Gari letu lilikosa badiliko hilo kwa mwaka mmoja. Siioni sababu yoyote ya kuhifadhi mfumo wa chumba kimoja kwenye gari litakalobeba watu barabarani, na wanaodai kwamba uhalisi unadai hivyo nadhani wamekosea kabisa.

Tulifunga diski za inchi 11 mbele, tukaacha ngoma nyuma, tukaweka masta silinda ya vyumba viwili pamoja na valvu ya kugawa msukumo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge mapema. Vifaa vya kazi hii vinapatikana kwa urahisi kwa kuwa GTO ilichangia fremu ya aina moja na Chevrolet Chevelle, Oldsmobile Cutlass na Buick Skylark. Rimu za awali za inchi 14 hazikuweza kuzivuka kalipa, yaani vifaa vinavyobana pedi kwenye diski, kwa hiyo tulihamia inchi 15. Mabomba yote ya chuma tuliyabadilisha, ingawa matatu yalionekana mazima kwa nje. Vumbi la ngoma za zamani hatukulipuliza kwa upepo, kwa maana breki shuu za miaka ile zilikuwa na asbesto. Tulililowesha kwa maji yenye sabuni na kulifuta kwa matambara yaliyotupwa yakiwa bado mabichi.

Kosa moja hapa linafaa kuelezwa, maana sikuliona likitajwa na wauzaji. Baada ya kutoa hewa, tukianzia gurudumu la mbali kabisa na masta silinda, tulizunguka mtaa mara mbili, tukarudi na harufu ya kuungua. Diski za mbele zilikuwa za moto kiasi kwamba tone la maji lilichemka juu yake, na gurudumu halikuzunguka kwa mkono. Masta silinda tuliyouziwa ilikuwa imeundwa kwa ngoma pande zote. Ndani ya tundu la kutokea mafuta kulikuwa na kivalvu kidogo cha mpira kinachobakiza msukumo wa takriban pauni 10 kwa inchi ya mraba hata mguu ukiondolewa kwenye pedali. Kwenye ngoma msukumo huo una faida na springi zake zinaushinda. Kwenye diski hakuna springi ya kurudisha pedi, hivyo pedi huendelea kulamba chuma wakati wote. Tulikitoa kivalvu cha upande wa mbele kwa skrubu nyembamba, tukatoa hewa upya, na magurudumu yakawa huru.

Fremu ilifuata. Katika gereji ya nyumbani hatukuwa na uwezo wa kuitenganisha bodi na fremu kabisa, wala haikuhitajika. Tulifungua boliti za bodi, tukaiinua kwa sentimita chache kila upande kwa jeki na magogo ya mbao, tukabadilisha mipira yote iliyo kati ya bodi na fremu. Boliti mbili zilikatika. Pembe moja ya nyuma, mahali pa kukalia mpira hapakuwepo tena, na shemeji alitengeneza kikombe kipya kwa bati la milimita 3. Baada ya hapo milango, ambayo awali ilihitaji kusukumwa kwa nyonga, ilianza kufunga kwa kidole.

Kutu ya chini ya kioo cha nyuma ni ugonjwa wa magari haya yote. Maji hunaswa chini ya urembo wa chuma unaozunguka kioo, hukaa kwenye vibanio vyake, na kushuka ndani ya buti polepole. Tulikata mpaka tukafika kwenye chuma cheupe, tukachomelea kipande kipya kwa nukta moja moja tukiruka kutoka upande hadi upande ili bati lisipinde kwa joto. Praima ya epoksi tuliipaka wenyewe. Rangi ya juu hatukuipulizia nyumbani: rangi za kisasa zenye kigumishi hutoa isosayaneti, sumu ya mapafu ambayo kinyago cha kichujio cha kawaida si kinga ya kutosha, maana mpuliziaji anahitaji hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje, nasi chumba cha watoto kinapakana na gereji. Gari likaenda kwa mpaka rangi likiwa limekwisha kunyooshwa.

Injini ndiyo iliyotufundisha kwa ukali. Kwanza kulikuwa na suala la mafuta. Mgandamizo, yaani kiasi ambacho hewa na petroli hubanwa ndani ya silinda, ulitangazwa kuwa 10.75 kwa 1, na ulipangwa kwa petroli ya hali ya juu ya miaka ile, yenye risasi. Risasi imepigwa marufuku katika petroli ya magari ya barabarani Marekani tangu Januari 1996. Namba ya okteni, yaani kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kugonga, iliyoandikwa kwenye pampu za Marekani leo ni wastani wa njia mbili za kupima, ilhali zamani ilitajwa kwa njia ile inayotoa namba kubwa zaidi. Kwa hiyo 93 ya leo si dhaifu kama inavyosikika, lakini bado haitoshi kwa injini ya chuma cha kumiminwa yenye mgandamizo huo. Ikibebeshwa mzigo inagonga kama kokoto ndani ya kopo, na kila kugonga huko kunakula pistoni.

Kulikuwa na njia mbili: kufunga silinda hedi (vifuniko vya juu vya silinda) za alumini, ambazo huondoa joto haraka, au kubaki na hedi za asili na kutumia pistoni zenye bakuli juu. Tulichagua pistoni, tukashusha mgandamizo hadi karibu 9.3 kwa 1, tukaweka viti vigumu vya valvu za kutolea moshi. Konrodi za asili, yaani fito zinazounganisha pistoni na kranki, ambazo Pontiac ilizitengeneza kwa chuma cha kumiminwa, tulizibadilisha kwa za chuma cha kufuliwa, kwa kuwa ndizo zinazovunjika kwanza na kutoboa bloku. Fundi wa mashine alitushawishi aongeze kipenyo cha silinda kwa sehemu 60 za elfu moja ya inchi, kwa hoja kwamba bloku ya 389 ikichongwa hivyo inakuwa sawa na injini ya inchi 400 za ujazo ambayo Pontiac iliitoa mwaka uliofuata. Hoja ni ya kweli kihesabu. Nilikataa, tukachonga sehemu 30 za elfu moja ya inchi na kupata ujazo wa inchi 395, kwa sababu kuta za silinda zikishakwisha hazirudi, na bloku yenye namba zake haina nyingine.

Kisha likaja kosa langu. Kamshafti, fimbo yenye meno yanayofungua valvu, tuliyofunga ni ya tepeti bapa, yaani meno hayo husukuma vikombe vyenye uso bapa, kama ya asili. Katika injini ya namna hii shafti ya kranki inaogeshwa mafuta kwa msukumo wa pampu, lakini meno ya kamshafti hutegemea mafuta yanayorushwa na kranki inapozunguka kwa kasi. Ndiyo maana kamshafti mpya hupakwa grisi maalumu, na injini ikiwaka kwa mara ya kwanza huachwa izunguke kati ya mara 2,000 na 2,500 kwa dakika, muda wa dakika 20, bila kuruhusiwa kulala, yaani kuzunguka polepole bila kukanyagwa. Mimi nilikuwa nimeifunga distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, ikiwa imegeuka nusu mzunguko. Injini ilikataa kuwaka, nami nikaendelea kupiga stata kwa robo saa nzima, nikidhani tatizo ni petroli. Kila mzunguko wa stata ulikuwa ukifuta ile grisi. Ilipowaka hatimaye, niliogopa sauti kubwa, nikaiacha ikilala kwa dakika kadhaa kabla ya kuiongeza kasi.

Baada ya saa mbili za kuwaka kulisikika mlio wa tik-tik upande wa kulia. Shemeji aliifungua filta ya mafuta, akaikata kwa kisu cha bati, akalitandaza karatasi lake juu ya gazeti chini ya taa. Mikunjo yote ilimetameta kwa vumbi la chuma, laini kama unga wa sembe, na alipopitisha sumaku chini ya gazeti unga ule ukasimama na kumfuata. Hakusema kitu. Jino moja la kamshafti lilikuwa limelika hadi kuwa karibu mviringo, na tepeti yake ilikuwa na shimo katikati. Ilitubidi kuishusha injini nzima, kuiosha kila njia ya mafuta kwa brashi ndefu, na kubadilisha beringi zilizokuwa na saa mbili tu za kazi.

Mara ya pili tulifanya ilivyopaswa. Tuliitoa distributa, tukaizungusha pampu ya mafuta kwa fito na drili hadi mafuta yakaonekana juu kwenye roka zote. Pontiac huzunguka kinyume cha saa hapo, kwa hiyo drili huwekwa kwenye mzunguko wa kurudi nyuma. Aliyezoea Chevrolet anaweza kukosea. Oili ilikuwa maalumu kwa saa za kwanza za injini mpya, yenye kiwango kikubwa cha zinki na fosforasi, viambato vinavyolinda tepeti bapa na ambavyo vimepunguzwa katika oili za kisasa ili kulinda vichujio vya moshi vya magari mapya. Silinda ya kwanza tuliithibitisha kwa kidole kwenye tundu la plagi na alama ya puli, si kwa kukisia. Injini iliwaka kabla stata haijazunguka mara tatu.

Gia ya asili ilikuwa ya otomatiki ya hatua mbili tu, na ekseli ya nyuma ilikuwa na uwiano wa 3.55, hivyo kwa mwendo wa kilomita 113 kwa saa injini ilizunguka zaidi ya mara 3,100 kwa dakika na mazungumzo ndani ya gari yakawa ya kupaza sauti. Tulifunga gia ya hatua nne ya General Motors iitwayo 200-4R, iliyoimarishwa ndani, ambayo boliti zake hukubali bloku ya Pontiac bila adapta. Hatua yake ya nne ina uwiano wa 0.67, na kwa mwendo uleule injini sasa inazunguka kama mara 2,100. Uhai wa gia hii uko kwenye waya mmoja mwembamba unaotoka kabureta, unaoiambia ni msukumo kiasi gani iutumie kubana klachi zake. Kabureta ya Carter haivuti waya huo kwa pembe sahihi, na bila kibanio cha kurekebisha pembe gia huungua bila hata kutoa onyo. Tulipima msukumo kwa geji kabla ya kutoka nje ya geti.

Umeme haukutusumbua sana. Tulibadilisha nyaya zote, tukaongeza rilei za taa za mbele, tukafunga nyaya nene za kuunganisha injini, fremu na bodi. Kifaa cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya pointi, swichi ya asili ya cheche ndani ya distributa, kilihitaji volti 12 kamili, kwa hiyo waya wa asili wenye ukinzani unaokwenda kwenye koili haukutumika, ila upo, umezibwa ncha na kufungwa pembeni.

Mwezi wa Septemba mwaka jana tuliliendesha hadi mji wa Pontiac na kurudi, zaidi ya kilomita 200 kila upande. Kwenye barabara kuu lori lilibadili njia ghafla mbele yetu. Nilikanyaga, pua ya gari ikainama, gari likapungua mwendo likiwa limenyooka, na shemeji hakuacha hata kumenya chungwa lake. Sili ya nyuma ya kranki, ambayo tuliibadilisha kutoka ile ya kamba kwenda ya mpira, bado inadondosha tone moja kila siku mbili kwenye kadibodi. Baridi hii tutaishusha tena gia ili tuitazame. Masta silinda ya chumba kimoja, gia ya hatua mbili, konrodi nane, pointi na rimu nne za inchi 14 ziko kwenye rafu ya juu, zimepakwa oili na kufungwa karatasi, kila kimoja kikiwa na kibandiko chenye tarehe kilipotolewa.